Elimu na Uzoefu: Nini Kinamjenga Muuguzi wa Shule?

  Safari hii nimepewa nafasi ya somo, na najua wengi mlitegemea mhandisi wa umeme aje na habari za mgao wa umeme au paneli za jua. Hapana. Leo nataka tuzungumze juu ya muuguzi wa shule, yule ambaye wengine wanamwita nesi, wengine sista, na waliosoma bweni wanamkumbuka kama mama wa chumba cha wagonjwa mwenye vidonge vya aina mbili kwa magonjwa yote.

Mtauliza, mhandisi na manesi wapi na wapi? Sababu ni mbili. Ya kwanza, hapa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, kwenye kilima cha Howard College, wanaosoma uhandisi na wanaosoma uuguzi tunapanda mlima mmoja na kununua chai dirisha moja, kwa hiyo mabishano yao nayasikia. Ya pili, kuna siku ninazokwenda kutafsiri Kiswahili pale timu ya afya inapotembelea shule zenye watoto wa Kikongo na Kirundi. Huko nimeona mambo yaliyonifanya niende maktaba kusoma vitabu ambavyo si vya fani yangu.

Swali letu ni hili: muuguzi bora wa shule ni yule aliyesoma sana, au ni yule aliyekaa kazini miaka mingi? Wanafunzi wa uuguzi hubishana juu yake kila siku, na hata sisi wa fani nyingine tunaliogopa tukifikiria kurudi nyumbani na vyeti vyetu, tukutane na mafundi wenye miaka ishirini kazini. Nitalijibu polepole, sehemu kwa sehemu.

1. Muuguzi wa shule anafanya nini?

Tusichanganye. Muuguzi wa hospitali anamsubiri mgonjwa, na mgonjwa anakuja akijua anaumwa. Muuguzi wa shule anakutana na watoto mia ambao karibu wote wanaonekana wazima, na kazi yake ni kumtambua yule mmoja au wawili wenye tatizo ambalo mwalimu hajaliona, mzazi hajaliona, na pengine mtoto mwenyewe anadhani ndivyo watu wote walivyo. Mtoto asiyeona vizuri hasemi "sioni". Yeye anajua dunia ina ukungu, basi.

Afrika Kusini ilikuwa na sera ya afya ya shule ya mwaka 2003, kisha mwaka 2012 Wizara ya Afya na Wizara ya Elimu ya Msingi zikatoa sera ya pamoja. Kwa sera hiyo, shule nyingi za serikali hazina muuguzi wa kukaa hapo kila siku. Kuna timu inayoongozwa na muuguzi mwenye sifa kamili, inayozunguka shule nyingi, ikianzia shule za maeneo maskini zaidi. Wanapima macho, masikio, meno, kimo na uzito, wanauliza dalili za kifua kikuu, wanatoa dawa za minyoo na chanjo. Tangu 2014 wanawachanja pia wasichana dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi.

Kwa hiyo ana dakika chache kwa kila mtoto, hana daktari wa kumuuliza pembeni, na akishaondoka huenda asirudi shuleni hapo kwa miezi mingi. Kumbukeni hali hiyo, kwa sababu hoja yangu yote inaitegemea.

2. Historia kidogo

Mfano unaotajwa sana ni wa New York. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa jiji walikuwa wanakagua watoto shuleni. Wenye chawa, mashilingi na ugonjwa wa macho wa trakoma walirudishwa nyumbani. Daktari alimaliza kazi yake hapo. Nyumbani hakuna aliyewaeleza wazazi, wengi wao wahamiaji wasiojua Kiingereza, wafanye nini. Watoto walibaki mitaani wiki nyingi. Oktoba 1902, Lillian Wald, aliyekuwa akiongoza kituo cha wauguzi cha Henry Street, alimtoa muuguzi wake mmoja, Lina Rogers, ajaribu kwa mwezi mmoja katika shule nne. Rogers alitibu vidonda vidogo shuleni, kisha akawafuata watoto majumbani na kuwaonyesha mama zao namna ya kutibu. Jiji likaajiri wauguzi zaidi. Septemba 1902 waliorudishwa nyumbani walikuwa watoto 10,567. Septemba 1903 walikuwa 1,101.

Hapa kwetu KwaZulu-Natal nako kuna historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 daktari kijana Sidney Kark alishiriki kupima lishe na afya ya watoto Waafrika mashuleni. Mwaka 1940 yeye na mke wake Emily, naye daktari, walianzisha kituo cha afya Pholela, upande wa milima ya Drakensberg, wakifanya kazi pamoja na muuguzi Amelia Jali na mume wake Edward. Pale wahudumu walikwenda nyumba kwa nyumba ili waijue familia kabla ya ugonjwa. Baadaye kazi hiyo ikaletwa Durban na kutumika kufundishia. Wanaosoma afya ya jamii bado wanasomeshwa habari za Pholela.

Katika mifano yote miwili ujuzi wa kitabu ulikuwepo. Kilichokuwa kinakosekana ni mtu wa kufuatilia, aone kinachotokea baada ya mtoto kuondoka mbele yake. Tutarudi hapo.

3. Elimu inampa nini?

Hapa Afrika Kusini kulikuwa na kozi maarufu ya miaka minne iliyojumuisha uuguzi wa jumla, wa akili, wa jamii na ukunga. Kozi hiyo ilipokea wanafunzi wake wa mwisho mwaka 2019. Sasa kuna cheti cha mwaka mmoja, stashahada ya miaka mitatu na shahada ya miaka minne, na mtu anaweza kuongeza ubingwa juu yake. Tangu 2008 wahitimu wapya wanatakiwa pia kutumikia jamii mwaka mmoja. Ukimwona muuguzi hapa, tazama mabegani: vibao vya rangi ya damu ya mzee na mistari yake vinakuambia amesomea nini.

Je, hayo masomo yanaleta tofauti, au ni urembo wa mabegani tu? Mwaka 2003 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani. Waliona kwamba kila wauguzi wenye shahada walipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulipungua kwa asilimia 5. Mwaka 2014 utafiti mwingine wa nchi tisa za Ulaya ulipata karibu picha ileile, punguzo la asilimia 7. Lililowashangaza watu katika utafiti wa 2003 ni kwamba wastani wa miaka ya kazi, peke yake, haukuonekana kubadili vifo. Hizo ni hospitali, si shule, kwa hiyo tusivute mbali. Lakini zinatosha kumnyamazisha anayesema "shule haina maana, kazi inajifunziwa kazini".

Nichukue mfano mdogo wa nyumbani. Mashuleni kwetu dawa ya kichocho inatolewa kwa kutumia fimbo yenye alama. Dawa hiyo, prazikwanteli, inatakiwa itolewe kwa uzito, lakini mizani nzuri hazipatikani kila mahali, kwa hiyo Shirika la Afya Duniani likakubali kutumia kimo badala ya uzito. Mtoto wa sentimita 120 anapata kidonge kimoja na nusu, wa sentimita 130 anapata viwili, wa 155 anapata vitatu. Mtu yeyote anaweza kufundishwa kusoma fimbo hiyo kwa nusu saa. Lakini aliyesoma anajua kwa nini alama zimewekwa pale. Anajua fimbo inakisia uzito, haipimi. Mtoto akija aliyevimba tumbo na miguu, au mgonjwa, atasita, ataacha fimbo na kufikiri. Elimu inamwambia chombo chake kinaishia wapi, na hilo sisi wahandisi tunalijua vizuri.

Elimu inampa pia sheria. Hapa, kwa Sheria ya Watoto namba 38 ya 2005, mtoto wa miaka 12 na zaidi anaweza kukubali matibabu yeye mwenyewe kama ana ukomavu wa kuelewa. Muuguzi aliyesomea kwetu akija kufanya kazi Durban, uzoefu wake hautamwambia hilo. Lazima alisome.

4. Uzoefu unampa nini?

Waswahili wanasema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mwaka 1984 muuguzi wa Marekani, Patricia Benner, alitoa kitabu kinachosomwa mpaka leo katika vyuo vya uuguzi, kikieleza ngazi tano: mgeni wa kazi, anayeanza kuzoea, anayeweza, mahiri, na bingwa. Nilipokisoma nilicheka, maana ngazi hizo alizichukua kwa ndugu wawili wa chuo cha Berkeley, Hubert Dreyfus, mwanafalsafa, na Stuart Dreyfus, mwanahisabati aliyefundisha upande wetu wa uhandisi! Mwaka 1980 walikuwa wameandika ripoti kwa ajili ya jeshi la anga la Marekani juu ya namna mtu anavyopata ujuzi, kwa mifano ya marubani na wachezaji wa sataranji.

Kwa kifupi, mgeni wa kazi anafuata kanuni kama zilivyoandikwa. Bingwa anaona hali nzima kwa mara moja, na mara nyingi hawezi hata kukueleza ameonaje.

Hilo nimeliona kwa macho yangu. Kupima macho kunatakiwa mtoto asimame mita sita kutoka kwenye chati. Kwa watoto wadogo hutumika chati ya herufi E iliyogeuzwa pande mbalimbali, mtoto anaonyesha kwa mkono vidole vya E vinaelekea wapi. Muuguzi kijana alipima kwa utaratibu kabisa, umbali sawa, jicho moja moja. Mama mmoja mwenye umri wa karibu kustaafu alikuwa amekaa pembeni akaniambia, "Tazama foleni." Nikatazama. Watoto waliokuwa wanasubiri walikuwa wanarusha mikono yao juu, chini, kushoto, kulia, wanakariri majibu ya wenzao. Akainuka, akageuza chati kichwa chini, akarudi kukaa. Watoto wawili waliokuwa wamefaulu wakaitwa tena, na mmoja hakuona mstari wa tatu.

Ujanja huo hauko kwenye sera ya 2012. Ni matunda ya kukaa na watoto miaka mingi. Mama huyo anajua vilevile darasa gani lina njaa siku ya Jumatatu, na mtoto anayesema tumbo linauma kila siku ya hesabu anamaanisha nini.

Hata namna ya kuuliza ni uzoefu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Kilosa mkoani Morogoro, watafiti waligundua kwamba walimu wakiwauliza wanafunzi swali rahisi kama wamewahi kuona damu kwenye mkojo, majibu yanaonyesha vizuri shule zipi zina kichocho kingi. Lakini lazima ujue pale mtoto anaitaje hali ile, na kwamba penye kichocho kingi anaweza kuiona ya kawaida. Hapa KwaZulu-Natal kichocho kipo pia, Wazulu wanakiita isichenene. Ukimuuliza mtoto wa kijijini kwa jina la kitabuni atakuangalia tu.

5. Uzoefu una mpaka wake

Sasa tufike pagumu. Uzoefu ni wa mahali. Benner mwenyewe aliandika kwamba hata muuguzi mzoefu, akipelekwa penye wagonjwa wa aina asiyoijua, anaweza kurudi kuwa mgeni wa kazi.

Fikirieni homa. Durban haina malaria ya kuambukizwa hapa mjini. Eneo la malaria la mkoa huu liko mbali kaskazini, kuelekea mpaka wa Msumbiji. Muuguzi aliyefanya kazi Durban miaka 25 akiona mtoto ana homa na kutetemeka, uzoefu wake unamwambia mafua. Na mara nyingi ni kweli. Lakini kama mtoto huyo amerudi juzi kutoka Uvira au Kigoma, homa hiyo ichukuliwe kuwa malaria mpaka kipimo kikatae, na kuchelewa kunaua. Muuguzi wa Kigoma asiye na hata nusu ya miaka hiyo asingepoteza dakika moja.

Mfano wa pili ni selimundu, wengine wanaita sikoseli. Chembechembe za asili za ugonjwa huu zimeenea kwenye nchi zenye malaria nyingi, kwa sababu aliyezirithi kwa mzazi mmoja tu anapata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana Kongo, Uganda na Tanzania tuna watoto wengi wenye selimundu, wakati kwa wenyeji wa Afrika Kusini ni ugonjwa adimu. Hapa mtu anaweza kustaafu uuguzi bila kukutana nao.

Siku moja kwenye shule ya msingi moja ya katikati ya jiji nilikuwa natafsiri kwa mama mmoja kutoka Bukavu. Mtoto wake wa kiume, wa kama miaka tisa, alikuwa anakosa shule mara kwa mara, na mwalimu aliandika kwamba ni mvivu wa michezo. Yule mama muuguzi mzoefu ndiye aliyemtoa kwenye foleni. Alisema hajui ana nini, ila kwa namna anavyokaa, anavyoshika magoti na kutafuta jua, huyu mtoto ana maumivu na ameyazoea. Akafikiria mifupa inayokua, akafikiria pia kama anapigwa nyumbani, na ndiyo sababu aliomba mzazi aitwe.

Mama akaniambia, "Kaka, umuambie sista, huyu mtoto iko SS."

Nikatafsiri herufi kama zilivyo. Yule muuguzi kijana, aliyekuwa anaandika majina mezani, akaacha kalamu. SS ndivyo Wakongo wengi wanavyoutaja ugonjwa huu. Yeye hakuwahi kumwona mgonjwa wake hata mmoja, lakini alisoma chuoni na akakumbuka kwamba herufi hizo ndiyo majibu ya maabara ya selimundu. Akauliza macho huwa yanakuwa ya njano? Mikono na miguu iliwahi kuvimba alipokuwa mdogo? Aliongezewa damu? Mama akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, akatoa kwenye mkoba kadi iliyokunjwakunjwa, kwa Kifaransa. Alikuwa nayo miaka mitatu, na hakuna aliyemwuliza.

Barua ya rufaa ikaandikwa siku hiyohiyo. Mwalimu akaelezwa mambo machache: mtoto anywe maji muda wote, aruhusiwe kwenda chooni anapotaka kwa sababu figo zake zinatoa mkojo mwingi, asilazimishwe kuingia bwawa la maji baridi, na akipata homa asisubiri kesho, aende hospitali.

Nani alimsaidia yule mtoto? Bila mzoefu asingetolewa kwenye foleni. Bila aliyesoma, SS zingebaki herufi mbili. Na bila lugha wote wawili wangekwama.

6. Kitu cha tatu: mrejesho

Hapa ndipo uhandisi wangu unaingia. Mfumo unaofanya kazi bila kupokea habari ya matokeo yake tunauita mfumo wazi. Hita ya maji isiyo na thamostati itachemsha tu, maji yawe baridi au yawe yanatokota. Ukiiacha iwashwe miaka 20 haitapata akili. Ile yenye thamostati inapima, inajua, inajirekebisha.

Muuguzi wa hospitali ana thamostati kidogo: akikosea dozi usiku, asubuhi anamwona mgonjwa. Muuguzi wa shule anaandika rufaa, anampa mtoto karatasi, anapanda gari. Je, mtoto alikwenda? Alipata miwani? Daktari alikubaliana naye, au alimcheka? Mara nyingi hajui. Sasa mtu huyo akifanya kazi miaka 20 bila majibu, ana uzoefu wa miaka 20, au ana mwaka mmoja alioufanya mara 20? Benner alilisema hili pia: kupita kwa muda si uzoefu. Uzoefu ni pale ulichokifikiri kinapokutana na hali halisi na kurekebishwa.

Mfano mzuri unatoka Kenya. Kitale, kaunti ya Trans Nzoia, watafiti walizigawa shule makundi mawili. Kundi moja walipima macho kwa njia ya kawaida na kuandika rufaa. La pili, walimu walipima kwa programu ya simu inayoitwa Peek, mzazi akapata ujumbe wa kumkumbusha, na picha ya kumwonyesha mtoto wake anavyoona. Matokeo yalichapishwa 2018. Kati ya watoto waliopewa rufaa, waliofika hospitali walikuwa asilimia 22 katika kundi la kwanza na 54 katika la pili. Katika kundi la kwanza karibu wanne kati ya watano hawakufika, na kwa muuguzi asiyefuatilia wote wangeandikwa "amepewa rufaa", kazi imekwisha. Rogers alilijua hili tangu 1902 ndiyo maana alikwenda nyumbani.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Elimu inampa muuguzi sababu, na mambo ambayo hajawahi kuyaona. Uzoefu unampa jicho. Lakini mrejesho ndio unaogeuza miaka kuwa ujuzi, na kumwonyesha mwenye cheti kitabu chake kinakosea wapi. Mwajiri anayepeleka wauguzi kwenye semina kila mwaka, asiwape njia ya kujua rufaa zao ziliishia wapi, anamwaga maji kwenye pakacha.

7. Nyumbani je?

Tanzania ilianza chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na 2024 ikahamia dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Kenya ilianza Oktoba 2019 kwa wa miaka 10. Wauguzi wa zahanati na vituo vya afya ndio wanaokwenda mashuleni kuchanja. Siku nyingine zote, katika shule nyingi za kutwa anayeshika afya ni mwalimu wa afya, na katika shule za bweni ni matron au nesi mmoja. Wale tunaosoma afya, elimu, takwimu au kompyuta, hapa kuna kazi ya kufanya: daftari la rufaa lenye safu moja ya ziada, "mtoto alirudi na jibu gani?", ni bei ya kalamu na rula. Mwalimu wa afya akiijaza safu hiyo miaka mitatu atakuwa amejifunza zaidi ya semina nyingi.

8. Sisi tulioko Durban tufanye nini?

Hili si la nadharia. Mwaka 2025 vikundi vya watu vilisimama milangoni mwa baadhi ya kliniki na hospitali za mji huu kuwazuia wageni wasiingie. Mzazi wa Kikongo au Kirundi wa Albert Park au Point aliyeona hayo anaogopa kupeleka mtoto. Kwa mtoto huyo muuguzi wa shule anaweza kuwa mhudumu pekee wa afya anayemfuata yeye alipo. Tusaidie mkutano huo ufanikiwe:

(a) Tujitolee kutafsiri. Fomu ya ridhaa ikija nyumbani kwa lugha asiyoijua mzazi, haisainiwi, na mtoto anarukwa. Kumsomea jirani fomu ni dakika kumi.

(b) Tunapotafsiri tusipunguze wala kuongeza. Mama akisema SS, sema SS. Na siri za mtoto zibaki palepale.

(c) Tuwaambie wazazi tunaowajua waende shuleni na kadi zote za kutoka nyumbani, hata kama ni za Kifaransa, na waseme kama familia ina selimundu au kama mtoto amesafiri karibuni.

(d) Kila mmoja katika fani yake ajiulize: nani ananiletea habari ya kazi niliyoimaliza? Kama hakuna, amtafute kabla hajajiita mzoefu.

Maswali ya kujadili

1. Katika shule uliyosoma, nani alishughulikia afya, na alikuwa na elimu gani?
2. Taja jambo moja ambalo mtu mzoefu wa kwenu angelitambua haraka na wa Durban asilitambue. Je, kinyume chake?
3. Ukipewa wauguzi wawili, mmoja mwenye shahada na mwaka mmoja kazini, mwingine mwenye cheti na miaka 20, ungewapangaje kazi katika shule kumi?
4. Chora njia ya rufaa kutoka darasani hadi hospitali na kurudi. Mshale wa kurudi unakatika wapi?

Wanafunzi wa uuguzi mlio kati yetu, najua mtakuwa na ya kunirekebisha, na nitafurahi kusikia. Huo ndio mrejesho wenyewe. Wanaotaka kutafsiri mashuleni waandike majina yao kwa katibu wa jumuiya, na tunawahitaji zaidi wanaojua Kirundi na Kifaransa.